Nitukane Nami, Drickes

Jumatatu, 6 Novemba

Msiba! Drickes ameniita "mheshimiwa" tena.

Niliingia Bata Kipofu jioni kama kawaida, koti begani, mwendo wa kizembe, kama mtu aliyezaliwa chini ya kaunta ile. Drickes akaniona. Akafuta mikono kwenye aproni yake ya buluu, akanivutia kiti, akaniuliza kama mheshimiwa angependelea kukaa karibu na dirisha. Karibu na dirisha! Pale wanapowekwa watalii na watu wa Hamburg.

Naandika haya kwa ajili ya vizazi vijavyo, ambavyo huenda vikalelewa vizuri na visielewe. Hapa Köln mhudumu wa baa akikupenda, anakutukana. Akikupenda sana, anamtukana hata shangazi yako. Mwenyeji hupewa matusi yake kwanza, halafu bia, halafu soseji ya damu na viazi vya kuponda. Adabu ni ya wageni.

Mimi nimeishi Köln miaka ishirini na sita. Nimeoa Köln. Robo ya watu wa mji huu wananawa kwenye sinki nilizowauzia mimi. Na bado ni mheshimiwa.

Sasa mtazame Oestermann, jirani yangu wa ghorofa ya juu. Mtu wa Bielefeld. Amehamia juzi juzi tu, maboksi yake bado yako kwenye ngazi. Mara yake ya pili kuingia Bata Kipofu akaagiza maji. Maji, ndani ya baa ya bia! Drickes akamwuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama amletee na sabuni na taulo. Baa nzima ikavunjika mbavu. Tangu siku hiyo Oestermann ni mtoto wa nyumba. Anatukanwa kila jioni, na hata hajui kushukuru.

Kwa nini naumia zaidi wiki hii? Kwa sababu mzee Tünn amehamia Mallorca kwa binti yake, na kiti chake kwenye Meza ya Wenyewe kiko wazi. Meza ile ina kibao chake na kengele yake ya shaba, na mgeni hakai pale hata baa ikijaa na nje kunanyesha mvua ya mawe. Mama Billa, mwenye baa, amesema Jumamosi, sikukuu ya Mtakatifu Martin, wazee watakula bata wao wa kila mwaka, na wakishakula watamtaja mrithi wa kiti.

Lazima niwe mimi. Sitanii. Miaka yote hii nimekula nikitazama migongo yao. Wakitaniana, nausikia utani nusu tu, nacheka nikiwa nimechelewa, peke yangu, na watu wanageuka kunitazama. Nataka kukaa upande ule ambako watu wanacheka kwa pamoja.

Kuna tatizo moja dogo. Nilikozaliwa. Hakuna anayejua ila Mechthild, mke wangu, naye nimemwapisha. Ni Düsseldorf. Haya, nimeandika. Mji wa jirani, mto huu huu wa Rhine, wenye bia nyeusi na majivuno, na watu wa Köln wakiutaja wanatema mate kwanza. Kesho nitaufuta mstari huu.

Jumanne, 7 Novemba

Sikuufuta. Nilikuwa na shughuli.

Mpango wa kwanza: rahisi, wa kijasiri, umeibwa kwa Oestermann. Nimeingia Bata Kipofu kifua mbele, nikaita kwa sauti kubwa, "Drickes! Maji!"

Baa nzima ikageuka. Nikauweka uso wangu tayari kutukanwa, nusu tabasamu, nusu mshangao, jinsi nilivyofanya mazoezi bafuni. Drickes akasogea. Akainama. Akaniuliza kwa upole kama napenda yenye gesi au isiyo na gesi.

Nikasema yoyote tu, mradi maji, nikamkonyeza. Akaniuliza kama kuna kitu kimeniingia jichoni. Akayaleta kwenye trei ndogo, na kipande cha limau, na kitambaa kilichokunjwa pembe tatu. Sikujua kama ndani ya baa ile kuna kitambaa!

Oestermann alikuwa amesimama kaunta, wazee wanampiga piga mgongoni. Akainua glasi yake kunitakia afya njema. Nikayanywa maji yote ili wasione uchungu wangu. Yalikuwa yenye gesi. Nimecheua mpaka nyumbani.

Jumatano, 8 Novemba

Nimegundua kosa la jana. Sikumchokoza vya kutosha.

Mpango wa pili: kuanza mimi. Bia yetu inakuja kwa glasi ndogo, kama za dawa ya kikohozi, na ukimaliza moja Drickes anakuletea nyingine bila kuuliza, mpaka uifunike glasi kwa kile kikadi kinachowekwa chini yake. Leo hata sikungoja ya pili. Nilionja ile ya kwanza, nikaisukuma mbali, nikatangaza kwamba bia ni vuguvugu na inanuka soksi.

Hapo mwenyeji yeyote angeambiwa maneno ya kuandikwa ukutani. Mimi? Drickes aliinusa glasi kwa huzuni kubwa. Akaomba radhi. Akamwita Mama Billa kutoka jikoni. Mama Billa akaweka mkono kifuani, akaomba radhi naye, akaniletea bakuli la supu ya vitunguu bila malipo. Drickes akarudi na mto wa kukalia.

Na yule mshenzi wa Bielefeld, kutoka kaunta, akapiga kelele kwamba hata ya kwake inanuka soksi. Papo hapo Drickes akamjibu, "Hizo ni zako, wewe gunia la viazi, nilikwambia viatu uvulie nje!" Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Supu ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mechthild amesema kama ni matusi ninayotaka, anayo hapa nyumbani, mabichi, hayana haja ya kufuatwa kwenye mvua. Nikamwambia ya mke hayahesabiwi. Akanipa mawili matatu hata hivyo. Kisha akasema jambo la ajabu: niingie tu pale niseme nilikozaliwa, yaishe. Huyu mwanamke kazaliwa hapa hapa, mtaa wa kanisani, na bado hajui mji wake unavyokwenda. Nimemhurumia.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepata! Wazo limenijia nikiwa chini ya sinki la mteja, maji yakinidondokea shingoni.

Mtu huonekana mrefu akisimama na wafupi. Mimi naonekana mgeni kwa sababu nakaa peke yangu katikati ya wenyeji. Nikiingia na wageni halisi nyuma yangu, watu wa kuuliza choo kiko wapi, watu wa kupiga picha soseji, nitaonekana nini? Mwenyeji! Nitawaelekeza kwa sauti ya uchovu. Usiombe maji. Usikae pale. Usifunike glasi mpaka utosheke. Wazee watanisikia na kusema, huyu kweli ni wetu.

Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa: KULA KAMA MWENYEJI! JUMAMOSI MCHANA, BAA YA BATA KIPOFU. KIONGOZI NI H. LÜTTGENS, ALIYEZIKWA KITOVU HAPA HAPA KÖLN. BURE.

Hilo la kitovu limenitoka lenyewe. Nadhani nina kipaji.

Mechthild alilisoma akacheka mpaka akalishika friji lisianguke, au asianguke yeye. Kisha akalipiga picha kwa simu, akasema anajua mtu mmoja atakayelifurahia sana. Nikamwambia amtumie amtakaye. Sifa haikatazwi.

Nimelibandika kwenye mlango wa nyumba ya wageni ya kona. Natarajia watu wanne. Wanne wanatosha.

Ijumaa, 10 Novemba

Oestermann anajitengenezea njia. Leo nimemkuta kwenye ngazi amevaa skafu nyekundu na nyeupe, rangi za Köln, anajifunza lafudhi ya hapa mbele ya masanduku ya barua. Anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikamsifu. Kisha, kama jirani mwema, nikamdokeza kwamba karamu ya bata imeahirishwa mpaka Jumapili. Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilijisikia vibaya mpaka mlangoni kwangu.

Dada yangu Roswitha alipiga simu kutoka Düsseldorf. Hatuongei mara kwa mara. Yeye ni mwenyekiti wa klabu ya mazoezi ya viungo ya akina mama, na sauti yake imezoea ukumbi mkubwa. Aliniuliza hali, akaniuliza kitovu changu hakijambo, akacheka, akasema tutaonana. Nikasema ndiyo, Krismasi. Akacheka tena. Umri umeanza kumwingia, maskini.

Shati limepigwa pasi. Kesho kiti changu.

Jumamosi, 11 Novemba

 Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Leo ni siku ya kufungua msimu wa mavazi ya vichekesho, na mji mzima ulikuwa mitaani tangu asubuhi: maharamia, masista wenye ndevu, tembo wawili. Wazee wa Meza ya Wenyewe walikwenda uwanjani kuimba, kama kila mwaka, waje baadaye kula bata. Mimi nikawapokea wageni wangu mlangoni. Walikuja watatu: mume na mke wa Kassel, na daktari wa meno aliyepotea njia. Nikawaingiza. Nikawaonyesha Meza ya Wenyewe kwa kidole, nikasema kwa sauti ya uchovu kwamba pale mgeni hakai. Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Mke wa Kassel alipiga picha soseji!

Kisha likasimama basi nje.

Wakashuka nyuki. Wanawake wazima, wanono, wenye afya, wamevaa njano na nyeusi, wenye mabawa na mapembe ya waya. Klabu nzima ya mazoezi ya viungo ya akina mama wa Düsseldorf. Mbele yao Roswitha, simu juu, na kwenye simu ile picha ya tangazo langu.

Mechthild! Kumbe mtu mwenyewe ndiye huyo!

Nilikuwa na nafasi moja. Ningesema tu, "Dada, njoo huku." Lakini ningesema dada, na baa nzima ingesikia, na ndani yake kuna watu wenye masikio. Nikajificha nyuma ya makoti.

Nyuki wakatafuta pa kukaa. Baa imejaa, isipokuwa meza moja kubwa katikati. Roswitha akasoma kibao kwa sauti, kwamba meza hii ina wenyewe, akasema sawasawa, si tumekuja kula kama wenyeji? Wakakaa. Kiti cha mzee Tünn akakalia yeye. Drickes alikuwa chini kwenye chumba cha mapipa. Mama Billa, bila kutazama, akapitisha sinia kwenye dirisha la jikoni, akaita kwamba bata wa Meza yuko tayari.

Bata wa kuoka, ngozi inang'aa, na kabichi nyekundu, na madonge ya viazi. Nyuki wakapiga makofi. Roswitha akamfuata mwenyewe dirishani.

Nilitazama yote kupitia mkono wa koti la mtu. Paja la kwanza likaenda. La pili likaenda. Ningeweza kumwokoa bata yule kwa neno moja, na neno lenyewe sikuwa nalo. Daktari wa meno alikuwa ananitafuta ili nimwelekeze choo.

Mlango ukafunguliwa. Wazee, wanaimba, wameshikana mabega. Na katikati yao nani? Oestermann na skafu yake! Ama kweli dunia haina uaminifu: nilimwambia Jumapili.

Wimbo ukakatika. Wazee wakatazama meza. Meza ilikuwa na mifupa.

Wakati huo huo Drickes anapanda ngazi kutoka chini, pipa begani. Roswitha akamwona, akainua mkono, akaagiza bia nyeusi. Ile ya Düsseldorf. Kwa jina lake. Ndani ya Köln, siku ya leo, akiwa ameketi kwenye kiti cha mzee Tünn.

 Drickes akatua pipa polepole. Akasema, "Mama, ile kwetu hapa tunazibulia sinki."

Roswitha hakupepesa. "Ndiyo maana sinki zenu zimezibuka," akamjibu, "na vichwa bado."

Mungu wangu. Nikangoja damu. Badala yake kikatoka kicheko kimoja kirefu, na wa kwanza kucheka alikuwa Drickes mwenyewe. "Nyinyi watu wa Düsseldorf," akasema, "mmekula bata wetu, mmekaa viti vyetu, na bado mna kiu! Mtani huyu ana koo la mfereji!" Roswitha akapiga kengele ya shaba ili asikike vizuri. Wazee wakamweleza, kwa furaha kubwa, kwamba anayepiga kengele ile anainywesha baa nzima. Akasema basi wapeni wote, wapeni na huyo mwenye skafu, anaonekana hajanyonya.

Hapo ningetoroka. Lakini Oestermann akaja kutundika koti lake, akayasogeza yale niliyojificha nyuma yake.

"Hartwig!" akapiga kelele Roswitha. "Huyo hapo mdogo wangu! Njoo, kitovu!" Akawaonyesha wote tangazo. Akawaeleza kwamba kitovu changu kiko Düsseldorf nyuma ya kituo cha treni, na kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa bingwa wa mtaa wa kupinduka kama gurudumu barabarani, jinsi watoto wa kule wanavyofanya kuwafurahisha wapita njia. Akaniomba niwaonyeshe. Wageni wangu wa Kassel wakatoa kamera.

Drickes akaja mpaka mbele yangu. Uso wake mwekundu. Akafungua mdomo. Naandika neno kwa neno, nisije nikasahau.

"Wewe sinki lililoziba! Wewe shati lililosahauliwa kwenye kamba! Miaka yote hii unakaa pale dirishani kama picha ya marehemu, tukikuuliza umetoka wapi unakohoa! Mtu nisiyejua katoka wapi nitamtania na nini? Ungesema siku ya kwanza kwamba u mtoto wa Düsseldorf, ningekutukana asubuhi na jioni mpaka masikio yaote nywele! Mtani wetu wa damu, na umetunyima! Toka! Toka na magurudumu yako, na nikikuona tena hapa nakuning'iniza jikoni na soseji!"

Akanishika ukosi, akanitoa nje. Mto wa kukalia ukanifuata.

Nilikaa juu yake pale barabarani, tembo wakinipita. Nililia kidogo. Watu walidhani nimelewa.

Jumapili, 12 Novemba

Jana, nilipokwisha kutupwa nje, Mechthild alikwenda kule akakaa mpaka jioni, msaliti. Amerudi na habari. Mama Billa aliwakaangia wazee soseji, nyuki wakawafundisha mazoezi ya kiuno, na baadaye wazee wakapiga kura. Kiti cha mzee Tünn kimempata Roswitha. Roswitha! Atakuwa anakuja na treni kila Jumamosi, na Drickes ameahidi kumtukana kuanzia stesheni. Oestermann amekasirika hata amevua skafu. Hilo limenipa nguvu ya kunywa chai.

Mechthild asema mlango haujafungwa kabisa. Drickes alimwambia kwamba mume wake akirudi bila uongo, aseme tu "Mimi ni Lüttgens wa Düsseldorf," kigoda kidogo kitapatikana pembeni ya meza. Asema wazee walinihurumia. Asema hilo ndilo alilotaka tangu mwanzo, kunitoa nyuma ya makoti.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini, nimelala kwenye kochi, mto wa Bata Kipofu chini ya kichwa. Kigoda? Cha huruma? Mechthild haoni kilichotokea. Oestermann ametukanwa kuhusu soksi. Mimi nimetukanwa kuhusu sinki, shati, marehemu na soseji, kwa pumzi moja, mbele ya mji mzima, nikashikwa ukosi! Hakuna mgeni anayefukuzwa hivyo. Mgeni anafunguliwa mlango. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie, baa yote ilicheka na mimi nilikuwa katikati.

Kwa hiyo mbinu ilikuwa sahihi. Kilichopungua ni kipimo.

Jumanne nitaingia tena. Nitasimama mbele ya Meza ya Wenyewe na kutangaza kwamba Roswitha si dada yangu, kwamba niliokotwa mlangoni kwao nikiwa mchanga, na kwamba asili yangu ni hapa hapa Köln, mtaa wa kanisani. Mechthild atakuwa shahidi, bado sijamwambia. Drickes atachukia mno.

Nikiwa na bahati, atanipiga.